Mathenge, gugu karoti, gugu maji na wenzao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mimea vamizi na hali inayobadilika

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila msimu, kutoka kwa wafugaji, wakulima, wavuvi na walimu. Yameanza na ya msingi, na yenye utata yako mwishoni. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mmea vamizi ni upi hasa? Je, kila mmea uliotoka nje ni vamizi?

Hapana. Mahindi, mihogo, maharage na mikorosho asili yake ni Amerika, na hakuna anayekosa usingizi akihofia mkorosho utameza nchi. Mmea huitwa vamizi pale ambapo, baada ya kuletwa na binadamu, unajieneza wenyewe bila kupandwa na unaleta hasara: unamaliza malisho, unaziba maji, unafukuza mimea ya asili, au unadhuru watu na mifugo. Tathmini ya IPBES, jopo la kimataifa la bayoanuwai, iliyotolewa mwaka 2023, ilionyesha kuwa ni karibu asilimia 6 tu ya mimea ya kigeni ndiyo inayojulikana kuwa vamizi. Hao wachache wanatosha.

2. Ilifikaje kwetu?

Mingi ililetwa kwa mikono miwili. Mathenge (*Prosopis juliflora*) ulipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973 ili kufunika machimbo ya mawe ya saruji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyotarajiwa. Mpungate, au dungusi kakati (*Opuntia stricta*), uliletwa Laikipia enzi za Waingereza uwe ua, na eneo la Dol Dol ndilo linalotajwa kuwa chimbuko lake huko. Kichaka cha lantana na gugu maji vilipendwa kwa maua.

Gugu karoti (*Parthenium hysterophorus*) ndilo lililoingia bila mwaliko. Kwingi duniani limesafiri ndani ya magunia ya nafaka na mbegu za majani, na kwenye matope ya magari. Arusha liliripotiwa mwaka 2010, na hadi leo utaliona kwanza kandokando ya barabara kabla ya kuliona shambani.

3. Tunaposema mmea "umezoea" hali mpya, tunamaanisha nini?

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza, mmea unaweza kuwa ulikuja ukiwa tayari: mathenge umetoka kwenye nchi kavu za Amerika, kwa hiyo ukame wa Turkana si jambo geni kwake. La pili, mmea mmoja unaweza kubadili umbo na mwenendo wake kulingana na mahali ulipo, bila kubadilika kwa jeni; gugu maji ni bingwa wa jambo hili (swali la 7). La tatu ni mageuzi ya kurithi, ambapo vizazi vinavyofuata vinatofautiana na vile vya mwanzo (swali la 10).

Kuna na jambo la nne ambalo si sifa ya mmea wenyewe. Mmea uliohamishwa huacha nyuma wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiutesa kwao. Nguvu ambazo ungezitumia kujilinda hubaki kwa ajili ya kukua na kuzaa.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa tunalofanya ni kudhani mimea hii hushinda kwa sababu mazingira yetu yanaipendeza. Ukiifuatilia utaona inapanuka zaidi hali inapoyumba: ukame mrefu ukifuatwa na mvua kubwa, malisho yakiisha, ziwa likipanda na kushuka.

## Ukame

4. Kwa nini mathenge unabaki kijani wakati kila kitu kimekauka?

Kwa sababu una mizizi ya aina mbili. Mzizi mkuu unashuka kutafuta maji ya chini, na mche huuteremsha mapema sana, kabla hata ya kujishughulisha na majani. Mizizi mingine inatanda karibu na uso wa ardhi, ikidaka hata manyunyu. Nyasi haina uwezo wa kushindana pande zote mbili. Mathenge pia huvumilia udongo wenye chumvi na magadi, na hushirikiana na bakteria wa mizizini kujipatia naitrojeni, kwa hiyo udongo uliochoka hauuzuii.

Halafu kuna maganda. Yana sukari nyingi, na huwa yanapatikana wakati mbuzi hana kingine cha kula. Mbuzi anatafuna, mbegu zenye ganda gumu zinapita tumboni bila kusagika, na zinatua mahali pengine zikiwa ndani ya samadi yenye unyevu. Safari ya tumboni huzisaidia kuota. Ukame ndio unaowasukuma mifugo kula maganda na kutembea mbali zaidi, kwa hiyo ukame wenyewe ndio unaoutawanya mti. Mvua zikija, kazi ya kuotesha inamalizika. Baringo, mvua za El Niño za 1997/98 ndizo zinazotajwa kuwa zilisambaza mbegu kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana.

Yale maganda yana gharama yake kwa mbuzi pia. Sukari na nyuzi zinazokwama huharibu meno na fizi, na mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Baringo walipoishtaki serikali kuhusu mti huu, mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari.

5. Gugu karoti halina mizizi mirefu. Linaishije kiangazi?

Linakimbilia muda. Likipata unyevu kidogo, huota, na kwa wiki nne hadi sita linaweza kuwa limeanza kutoa maua. Mmea mmoja uliokomaa vizuri hutoa mbegu elfu 15 au zaidi. Hali ikiwa nzuri, vizazi kadhaa hupita ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu halisubiri masika. Linahitaji unyevu tu, hata ule wa bomba linalovuja.

Ukitaka kuona linavyobadilika, tafuta miche miwili, mmoja kwenye bustani inayomwagiliwa na mwingine kwenye changarawe ya kando ya barabara. Wa bustani una shina la kufika kifuani na matawi mengi yenye vichwa vidogo vyeupe. Wa changarawe umelala chini, majani yake yaliyokatikakatika yamejipanga duara na kubana udongo, bila shina kabisa. Unasubiri. Mvua moja ikinyesha, shina linapanda na maua yanatoka. Hata ukibaki na urefu wa kiganja, bado utazaa.

Mbegu zilizo juu ya ardhi huota au kufa mapema. Zilizofukiwa hudumu kwa miaka, ndiyo maana kulima kwa kina shamba lenye gugu karoti mara nyingi ni kuweka akiba ya matatizo.

6. Na mpungate?

Mpungate hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, kunapokuwa na ubaridi, na kuvifunga mchana, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Kipande chochote kilichoanguka hutoa mizizi, hata kikikaa juani kwa wiki kadhaa. Tembo na nyani hula matunda na kubeba mbegu. Mbuzi nao huyafuata, lakini vimiba vyake vyembamba kama nywele huwachoma midomo, ulimi na macho.

## Maji

7. Gugu maji lilitoka Amazon. Limewezaje kuishi Ziwa Viktoria, kwenye mabwawa na hata kwenye mitaro ya mjini?

Chukua gugu moja linaloelea peke yake mahali pa wazi. Vikonyo vya majani yake ni vifupi na vimevimba, vimejaa hewa, ndivyo vinavyolielesha. Sasa vuta lingine kutoka katikati ya zulia lililosongamana. Vikonyo ni vyembamba na virefu, vingine karibu mita moja, na ule uvimbe umepungua au haupo kabisa. Ukimwonyesha mtu asiyejua ataapa ni mimea miwili tofauti. Lihamishe hilo refu kwenye maji ya wazi, na majani mapya yatakayotoka yatakuwa na uvimbe.

Mizizi nayo inabadilika. Maji yakiwa na rutuba kidogo, mizizi huwa mirefu na yenye nyuzi nyingi. Yakiwa na uchafu wa miji na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani, mizizi hufupika na nguvu yote inahamia kwenye majani na vichipukizi. Kila mmea hutoa vijitawi vya pembeni vinavyotambaa, na kila kijitawi kinazaa mmea mpya. Kwenye joto na rutuba, zulia linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili.

Jambo la kushangaza ni kwamba haya yote linayafanya bila tofauti kubwa za kijenetiki. Uchunguzi wa magugu maji ya mabara mengi umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya yaliyo nje ya Amerika Kusini ni kloni moja iliyosambaa, yaani nakala za mmea mmoja zenye jeni zile zile.

8. Tuliambiwa limekwisha miaka ya 1990. Mbona lilirudi?

Katika Ziwa Viktoria gugu maji liliripotiwa kuanzia 1989, na Mto Kagera umekuwa ukiliingiza kila siku kutoka juu. Uganda ilianza kuachia fukusi wa aina mbili wanaolila gugu hilo, *Neochetina eichhorniae* na *Neochetina bruchi*, mwaka 1995, na Kenya ikafuata 1997. Kufikia mwishoni mwa muongo huo mazulia mengi yalikuwa yamezama. Wapo wanaowapa fukusi sifa zote na wapo wanaosema mawimbi na mawingu ya El Niño yalifanya kazi kubwa. Naona ubishi huo hauna haja kubwa, kwani mmea uliotobolewa na fukusi ndio unaovunjwa na mawimbi kirahisi.

Lilipozama, fukusi nao walizama kwa kukosa chakula. Mbegu zilibaki kwenye matope, ambako zinaweza kukaa hai hata miaka 15 au zaidi. Maji yaliposhuka, matope ya pembeni yakapata jua na mbegu zikaota. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilileta maji na rutuba, miche ikaelea, na Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, ikajaa tena kabla wadudu hawajaongezeka. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa ziwa, ambako kwa mvuvi ni balaa, kwa gugu maji ni nafasi ya kuanza upya.

## Joto, hewa ukaa na jeni

9. Mabadiliko ya tabianchi yanaisaidia mimea hii?

Mara nyingi ndiyo, ingawa si yote na si kila mahali. Kabla ya viwanda, hewa ukaa angani ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni. Sasa imepita 420. Vichaka na miti hunufaika na ongezeko hilo kuliko nyasi nyingi za savana, ambazo tayari zina mfumo wake wa kukusanya hewa ukaa ndani ya jani. Majaribio ya gugu karoti nayo yameonyesha kuwa hukua zaidi hewa ukaa ikiongezeka. Mfugaji anayeona vichaka vinapanda na nyasi zinarudi nyuma asidhani sababu ni moja. Malisho kupita kiasi bado ndiyo mkosaji mkubwa, na hewa inaongezea uzito upande huo huo wa mizani.

Joto likipanda, mimea iliyokuwa ikizuiwa na baridi inapata njia ya kupanda milimani. Hata hivyo, mmea unaotegemea mvua za wakati fulani unaweza kupoteza eneo. Ramani zinazochorwa za miaka ya 2050 zisomwe kama tahadhari, zisisomwe kama ratiba.

10. Je, mimea vamizi hubadilika kijenetiki kweli, au ni nadharia tu?

Hubadilika, na wakati mwingine haraka. *Lythrum salicaria*, mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau, ulipoenea Amerika Kaskazini kuelekea maeneo yenye msimu mfupi wa joto, aina za kaskazini zilianza kutoa maua mapema zaidi. Wanasayansi walizipandikiza kusini na kaskazini na kuthibitisha kuwa tofauti hiyo ni ya kurithi na inazisaidia kuzaa. Matokeo yalichapishwa 2013.

Njia nyingine ni kuchanganya damu. Karne ya 19, jani la Kimarekani *Spartina alterniflora* lilifika pwani ya kusini mwa Uingereza na kuzaliana na ndugu yake wa Ulaya. Mtoto alikuwa tasa, kisha kromosomu zake zikajirudufu, akapatikana *Spartina anglica*, mmea mpya wenye rutuba ya kuzaa ambao baadaye ulienea kwenye matope ya pwani za nchi nyingi. Lantana ya bustanini nayo ni zao la machotara mengi ya wauza maua, na uchotara huo unaeleza kwa nini inaota kuanzia pwani hadi nyanda za juu.

## Shambani

11. Nimekata mathenge, na sasa kisiki kimetoa machipukizi mengi kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?

Ulikata juu mno. Macho ya kuchipua yako kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya uso wa ardhi. Shoka likiishia juu, mmea wenye mizizi iliyojaa akiba unajibu kwa matawi kumi badala ya shina moja. Chimba kuzunguka kisiki na ukate kama sentimita 30 chini. Miche midogo ing'olewe udongo ukiwa na unyevu, kabla mzizi mkuu haujashuka.

12. Moto je?

Moto huua miche, hauui kisiki kikubwa. Na mahali mathenge umekwisha kushika, nyasi za kuupa moto nguvu hazipo tena. Kwenye lantana, kuchoma mara nyingi huacha eneo wazi ambalo lantana yenyewe ndiyo inawahi kulijaza.

13. Gugu karoti ning'oe lini?

Kabla halijatoa maua, siku moja au mbili baada ya mvua. Vaa glavu, mikono mirefu na kitambaa cha pua, maana linaleta vipele na pumu, na mtu aliyekwisha kupata mzio hupata nafuu kwa kukaa mbali nalo tu. Kufyeka hakusaidii, litachipua kutoka shingoni na kutoa maua likiwa fupi zaidi. Usilishe ng'ombe, maziwa hubadilika ladha. Lililokwisha kuweka mbegu usilitie kwenye mboji.

14. Wadudu wanaoletwa kudhibiti mimea hii hawatahamia kwenye mazao?

Wadudu hawa hupimwa kwa miaka kabla ya kuachiwa, na wanaochaguliwa ni wale wenye uchaguzi mkali wa chakula. Kwa mpungate wa Laikipia, mwaka 2014 waliachiwa wadudu wa kochinili, jamii ya vidungata, na hata kati yao kuna ukoo unaopendelea *Opuntia stricta* na mwingine unaopendelea mpungate unaolimwa kwa matunda. Utawatambua kwa unga mweupe kwenye bapa la mmea. Ukiwaminya wanatoa rangi nyekundu. Mvua kubwa huwaosha watoto wao, hivyo hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi. Gugu karoti lina mbawakawa wake, *Zygogramma bicolorata*, ambaye India ilianza kumtumia 1984.

15. Tukichoma makaa ya mathenge na kusaga maganda, si utaisha wenyewe?

Kusaga maganda ni jambo zuri, kwa sababu mbegu zinavunjika na mnyama anapata chakula bila kuzisambaza. Makaa yake ni mazuri pia. Lakini mchoma makaa hukata shina nene na kuacha kisiki, akijua atarudi baada ya miaka michache. Huyo anavuna, hana sababu ya kuumaliza. Biashara inaweza kugharamia kung'oa visiki pale tu ambapo kung'oa ni sharti la kupewa ruhusa ya kukata.

## Yenye utata

16. Mmea wa nchi yetu wenyewe unaweza kuwa vamizi?

Ndiyo. Musizi (*Maesopsis eminii*) ni wa asili Kagera, Uganda na Kongo, lakini ulipopandwa Amani, Usambara Mashariki, ulivamia msitu. Hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, na ukataji wa magogo ulifungua mianya ya jua ambayo mti huu hupenda. Mipaka ya nchi ilichorwa na watu. Mimea ina mipaka yake.

17. Mwarobaini nao?

Asili yake ni Asia ya Kusini, na sehemu za pwani umeingia vichakani bila kupandwa. Ule wa uani kwako haudaiwi. Ulio kando ya msitu wa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) au hifadhi uangaliwe.

18. Na mimea ya Afrika huwasumbua wengine?

Sana. *Megathyrsus maximus*, lile jani refu tunalokatia ng'ombe, lilipelekwa Hawaii kuwa malisho, na mashamba ya miwa na mananasi yalipoachwa likatanda. Nyasi za kigeni zilizokauka, hilo likiwamo, ndizo zilizolisha moto wa Lahaina Agosti 2023. *Cenchrus ciliaris* inafanya hivyo hivyo kwenye jangwa la Arizona, ambako dungusi wakubwa wa asili hawakuumbwa kustahimili moto. Kiduha, adui wa mahindi yetu, kiligunduliwa Carolina, Marekani, mwaka 1956, na vita dhidi yake imechukua miongo.

19. Ukishauondoa mmea vamizi, ardhi hurudi ilivyokuwa?

Si yenyewe. Chini ya mathenge udongo umepata naitrojeni nyingi kuliko mwanzo, mbegu za nyasi zimepungua au zimekwisha, na mbegu za mathenge bado zipo. Ukiacha wazi, kitakachorudi kwanza ni mathenge au gugu lingine. Si ajabu kung'oa lantana na kuvuna gugu karoti. Panda nyasi za asili mwanzoni mwa mvua hizo hizo ulizong'olea, zungushia matawi ya miiba, na zuia mifugo hadi nyasi zimwage mbegu. Baada ya hapo pita kila baada ya mvua ukiwa na jembe dogo, na anzia pale mbuzi wanapolala, kwa sababu samadi ya zizini ndiko miche hutokea kwa wingi.